Kompyuta ya familia imekuwa nzito na inazimika ovyo: namna ya kutafuta chanzo

Uzito ni ugonjwa mmoja, kuzimika ghafla ni mwingine. Kompyuta ya nyumbani yenye umri wa miaka minane au kumi mara nyingi huwa na yote mawili, na hapo ndipo watu wanapopotea: wananunua RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) kumbe diski inakufa, wanafuta Windows na kuiweka upya kumbe feni imezibwa na vumbi. Dalili zikisomwa vizuri, kazi kubwa inakuwa imekwisha kabla hujashika bisibisi.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba inasumbua wakati gani. Weka karatasi kando ya kompyuta, na kwa siku chache kila anayeitumia aandike saa, alichokuwa akifanya, imekuwa ikiwaka kwa muda gani, na kama iliganda, ilijizima au ilileta skrini ya bluu. Baada ya hapo soma hivi:

- Nzito tangu inapowaka, na taa ya diski haipumziki: diski, au programu zinazojianzisha zenyewe.
- Inaanza vizuri kisha inachoka baada ya dakika 15 au 20, hasa kwenye video na michezo: joto.
- Inazidi kuwa nzito kila ukifungua kichupo kipya kwenye kivinjari, ukivifunga inapona: RAM haitoshi.
- Inaganda nusu dakika kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na hurudia ukifungua folda ileile: diski ina sehemu mbovu.
- Inazimika kama iliyochomolewa kwenye soketi, bila ujumbe wowote: joto au umeme.
- Skrini ya bluu yenye ujumbe tofauti kila mara: shuku RAM. Yenye ujumbe uleule: shuku draiva (programu inayoendesha kifaa) au kifaa kimoja.

Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Ukiongeza RAM, ukasafisha feni na kusasisha draiva jioni moja, kompyuta ikapona hutajua dawa ilikuwa ipi; ikizidi kuugua, hutajua sumu ilikuwa ipi.

Okoa faili kwanza

Kabla ya kipimo chochote, nakili faili kwenye diski ya nje. Anza na zisizopatikana tena, yaani picha, video za nyumbani na nyaraka. Programu acha, zinapakuliwa upya. Kwenye kompyuta ya familia kila mtu ana folda yake ndani ya C:\Users, na kosa la kawaida ni kunakili ya akaunti uliyoingia nayo tu na kuwaacha wengine. Pitia zote, pamoja na Desktop na Downloads za kila mmoja. Kumbuka pia alamisho na nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari.

Diski ikitoa sauti ya kugonga au kukwaruza, zima mara moja. Kila dakika inayozunguka katika hali hiyo inaweza kupunguza kitakachookolewa. Na hata kama iko kimya lakini inaganda ukisoma faili fulani, usikimbilie amri ya chkdsk /r kabla ya kunakili. Amri hiyo inasoma kila sehemu ya diski kwa saa nyingi, na diski dhaifu inaweza kufia humo humo.

Kama Windows haiwaki kabisa, tengeneza flashi ya Linux Mint (mfumo wa bure unaoweza kutumika badala ya Windows) kwenye kompyuta nyingine, washa kutoka kwenye flashi hiyo bila kuisakinisha, kisha nakili faili ukiwa humo. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda faili, utahitaji ufunguo wake wa tarakimu 48. Kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiweka kompyuta siku ya kwanza. Utafute sasa, kabla ya kugusa mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows).

Pima kabla ya kuhukumu

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, ingia sehemu ya Performance, kisha fanya kazi zako kama kawaida huku ukitazama. Mistari mitatu inatosha: CPU (prosesa), Memory (RAM) na Disk. Ule unaokaa karibu na asilimia 100 wakati kompyuta inapovuta miguu ndio mlango wa kuingilia. Usihukumu kwa dakika tano za kwanza baada ya kuwasha, maana Windows huwa inamalizia kazi zake za ndani.

Kwenye kompyuta za umri huu, mara nyingi mshtakiwa ni Disk: imefika asilimia 100, lakini kasi inayoonyeshwa ni megabaiti moja au mbili kwa sekunde. Diski ya sahani inazungusha sahani za chuma au kioo na kichwa kinahama kutafuta kila faili. Kila kuhama kunachukua takribani milisekunde 10. Windows ya kisasa inaomba vipande vidogo vidogo maelfu, kila kimoja mahali pake, na diski inashinda ikihama badala ya kusoma. SSD haina kinachosogea, inajibu ndani ya takribani sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ndiyo maana kubadilisha diski ya sahani kwa SSD kunafufua kompyuta nzee kuliko kitu kingine chochote unachoweza kununua. RAM ya ziada ina nafasi yake, lakini ikiwa tayari una GB 8 na diski ya sahani, anza na SSD bila kujadili.

Kabla ya hapo, pima afya ya diski iliyopo. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inasoma kumbukumbu ambazo diski yenyewe huziandika. Tazama safu ya mwisho kwenye mistari ya 05, C5 na C6. Ya 05 ni sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa na za akiba. C5 ni sehemu zinazoshukiwa. C6 ni zilizoshindikana kabisa. Zote zinatakiwa kuwa sifuri. Namba ndogo isiyopanda kwenye 05 inaweza kuvumiliwa kwa muda, lakini inayopanda wiki hadi wiki, au C5 yoyote isiyo sifuri, ni notisi ya kuhama. Mstari wa C7 ukiwa na namba kubwa inayozidi kupanda, mara nyingi tatizo ni kebo ya SATA (inayounganisha diski na madabodi, yaani bodi kuu) iliyolegea au kuchakaa na diski haina kosa: badilisha kebo kwanza. Hakikisha unajua namba hizo zinaonyeshwa kwa mfumo wa heksa isipokuwa ubadilishe kwenye mipangilio. 10 hapo ni 16.

Wanaokaa ndani bila kuonekana

RAM ikipita asilimia 85 wakati wa matumizi ya kawaida, Windows inazidi kutumia diski kama RAM, na juu ya diski ya sahani hilo ni janga. Lakini kabla ya kununua, angalia kitu ambacho ni cha kompyuta za familia hasa: kubadilishana watumiaji bila kutoka. Mtoto anafunga skrini, mama anaingia kwa akaunti yake, baadaye baba naye. Akaunti zote tatu bado ziko hai, kila moja na kivinjari chake na vichupo vyake. Ingia sehemu ya Users kwenye Task Manager uone ni wangapi na kila mmoja anakula kiasi gani. Utaratibu wa nyumba uwe kwamba anayemaliza anachagua Sign out. Hii peke yake inaweza kurudisha GB mbili au tatu.

La pili linalosahaulika ni kwamba Shut down na Restart si kitu kimoja. Windows 10 na 11 zina kipengele cha kuwaka haraka ambacho, ukizima kompyuta, huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha kesho yake kama kilivyokuwa, pamoja na draiva iliyochanganyikiwa. Tazama Up time kwenye sehemu ya CPU: unaweza kukuta siku 40 kwenye kompyuta inayozimwa kila usiku. Chagua Restart mara moja kwa wiki, au zima kipengele hicho kwenye Control Panel, sehemu ya Power Options.

Kisha nenda sehemu ya Startup ya Task Manager (kwenye Windows 7 andika msconfig) uzime kila kinachojianzisha bila sababu: programu za michezo, za printa, za kupiga simu za video, visasishaji vya programu mbalimbali. Kuzima hapo hakufuti programu, kunazuia tu isijiamshe. Acha antivirusi, draiva ya sauti na ya padi ya kugusa.

Antivirusi iwe moja. Mbili zinachunguza kila faili mara mbili na wakati mwingine zinachunguzana zenyewe. Masalia ya ile ya majaribio iliyokuja na kompyuta, muda wake ukaisha, huendelea kulemea mfumo. Iondoe kwa zana maalumu ya kuondolea inayotolewa na watengenezaji wake, kwa sababu njia ya kawaida mara nyingi huacha vipande.

Kwenye kivinjari, fungua orodha ya viendelezi katika akaunti ya kila mtu na ufute usivyovitambua. Vile vya "kupakua video" na "kupata kuponi" ndivyo vinavyoingiza matangazo. Angalia pia ruhusa za arifa: tovuti zilizoruhusiwa kimakosa hutuma maonyo ya uongo ya virusi kwenye kona ya skrini, na mtoto au mzee akibonyeza tu, matatizo mapya yanaingia. Programu za "kusafisha rejista" na "kuongeza kasi" ziache kabisa. Hazina faida inayoonekana, na mara nyingi zenyewe ndizo mzigo.

Nafasi iliyo wazi kwenye diski kuu isishuke chini ya asilimia 15. Ukitumia usafishaji wa Windows, soma kila kisanduku kabla ya kukitia tiki, maana kuna kimoja kinachoitwa Downloads na watu wengi huhifadhi vyeti vyao humo.

Ukiwa umeamua kuongeza RAM, Task Manager inaonyesha nafasi zilizotumika, kwa mfano 1 of 2. DDR3 na DDR4, vizazi viwili vya RAM, haziingiliani, pengo la chini liko mahali tofauti kwa makusudi. Laptopu nyingi za DDR3 za kuanzia 2013 hivi zinataka DDR3L ya volti 1.35; ile ya 1.5 inaweza kukataa kuwaka. Na kama Windows yenyewe ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiijaza RAM, hivyo weka toleo la biti 64 kwanza.

Inapojizima: joto

Sakinisha HWiNFO, fungua sehemu ya vihisi, na utazame joto la prosesa. Ikiwa imetulia, nyuzi 35 hadi 50 za selsiasi ni kawaida. Ikifanya kazi nzito, hadi 80 au 85 inavumilika. Inapokaribia 95 hadi 100, prosesa inapunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na hapo utaona uzito; ikishindwa kupoa hata hivyo, inakata umeme. Kwa hiyo joto ni chanzo kimoja kinachoweza kuleta magonjwa yote mawili, na ni sababu nzuri ya kulipima mapema.

Kusafisha: zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Kwenye laptopu fungua mfuniko wa chini na uchomoe betri kabla ya kugusa kingine chochote. Betri iliyovimba isibanwe, isitobolewe, wala isirudishwe ndani. Tumia brashi laini na hewa ya kopo, huku umezuia mapanga ya feni kwa kidole. Ikizungushwa kwa kasi na hewa inaweza kuharibu bearingi zake. Mashine ya kufyonza vumbi iache, inazalisha umeme tuli.

Kupuliza kutoka nje kupitia matundu ni kazi nusu. Kwenye laptopu, vumbi hujikusanya kama blanketi kati ya feni na mapezi ya kupozea, na hewa ya nje inalisukuma tu lirudi kwenye feni. Lazima ufungue feni uling'oe lile blanketi kwa mkono.

Kama feni inazunguka, mapezi ni safi na joto bado linapanda haraka, pesti ya joto kati ya prosesa na kipozeo imekauka. Kwenye kompyuta ya mezani, iwashe ifanye kazi dakika 10 ili pesti ilainike, izime na kuichomoa, kisha zungusha kipozeo kidogo kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Prosesa za AMD zenye pini zinaweza kung'oka pamoja nacho na pini zikapinda. Futa pesti ya zamani kwa pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka tone jipya la ukubwa wa njegere katikati, rudisha kipozeo, na ukaze skrubu kwa mshazari, nusu nusu, hadi zote zikaze. Kwenye laptopu tone liwe dogo zaidi, na fuata namba zilizochongwa kando ya skrubu.

Skrini ya bluu

Windows hujiwasha upya kabla hujasoma ujumbe. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kisha Settings chini ya Startup and Recovery, na uondoe tiki kwenye Automatically restart. Sasa ujumbe utabaki. Andika msimbo na jina la faili linaloishia na .sys kama lipo, kwa sababu mara nyingi hilo ndilo jina la draiva yenye kosa. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR inaelekeza zaidi kwenye diski au kebo yake. MEMORY_MANAGEMENT kwenye RAM. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni kifaa chenyewe, mara nyingi prosesa, joto au umeme. IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL huwa draiva, ingawa RAM mbovu nayo huweza kujificha nyuma yake.

Andika perfmon /rel kwenye kisanduku hichohicho upate kalenda ya kuanguka kote pamoja na programu na masasisho yaliyowekwa siku hizo. Ikiwa matatizo yalianza siku ileile draiva ya picha iliposasishwa, irudishe ya zamani kupitia Device Manager. Kwenye kumbukumbu za mfumo utakuta pia Kernel-Power 41, na wengi hudhani wameshampata mwizi. Hapana. Inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuagwa. Haisemi kwa nini.

Kupima RAM, weka MemTest86 kwenye flashi, washa kutoka humo, na uiache izunguke mara nne, kwa kawaida usiku mzima. Kosa moja tu linatosha kuihukumu. RAM zikiwa mbili, pima moja moja, kisha hamisha ile iliyokosea kwenye nafasi nyingine: kosa likiifuata, RAM ni mbovu; likibaki kwenye nafasi ileile, madabodi ndiyo yenye shida. Kabla ya kuitupa RAM, itoe, sugua miguu yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa kifutio safi cha penseli, futa mabaki, na uirudishe hadi klipu zilie. Kutu nyembamba hapo husababisha makosa mengi kuliko watu wanavyodhani.

RAM ikiwa safi, washa katika Safe Mode: shikilia Shift ukibonyeza Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options na Startup Settings. Ikitulia humo saa kadhaa wakati kwa kawaida huanguka ndani ya nusu saa, kosa liko kwenye draiva au programu. Fungua kidirisha cha amri kama msimamizi uendeshe hizi mbili kwa mpangilio huu, kwa kuwa ya kwanza inatengeneza hazina ambayo ya pili inachota humo:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Umeme na betri ndogo

Kompyuta ya mezani inayojizima bila joto na bila skrini ya bluu, hasa mchezo unapoanza, ina uwezekano mkubwa wa pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani) kuchoka. Kwa multimita, waya wa njano unatakiwa kusoma kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wakati kompyuta inafanya kazi. Kipimo kizuri ikiwa imetulia hakithibitishi chochote. Chunguza pia kapasita, vile vipande vidogo vya silinda vinavyoshika chaji, kwenye madabodi: zenye vichwa vilivyovimba au kuvuja zimekwisha. Pawa saplai yenyewe usiifungue, kapasita zake hubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomolewa. Ibadilishe nzima.

Laptopu zingine hupunguza kasi ya prosesa zisipoitambua chaja, hata kama zinachaji. Ikiwa CPU imekwama chini ya GHz 1 muda wote na joto ni la chini, jaribu chaja ya asili.

Saa ikirudi nyuma kila unapowasha, na tovuti zikilalamika kuhusu vyeti vya usalama, badilisha betri ya CR2032 iliyo kwenye madabodi. Ni volti 3 na inatoka kwa kubonyeza klipu yake.

Kuweka SSD

Chagua ya SATA ya inchi 2.5. Ina unene wa milimita 7, na nafasi nyingi za laptopu za zamani ni 9.5, hivyo utahitaji fremu ya plastiki ya kujazia. Kwenye ya mezani unahitaji kebo ya data ya SATA na tundu la umeme la SATA lililo wazi. Kabla ya kusakinisha, ingia BIOS uhakikishe SATA iko kwenye AHCI, namna ya mawasiliano inayoifaa SSD. Bandari ya SATA ya kizazi cha pili itaibana kwenye takribani MB 300 kwa sekunde, lakini usijali, tofauti unayoisikia inatoka kwenye kujibu haraka.

Kunakili diski nzima kwenda SSD ni rahisi, lakini kama mfumo ulikuwa unaanguka, unahamisha na makosa yake. Bora kusakinisha upya kutoka kwenye flashi ya GB 8. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) pamoja na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, vitu ambavyo kompyuta nyingi za kabla ya 2018 hazina. Kwa inayotumika kwa kivinjari, barua na kazi za shule, Linux Mint inafanya kazi vizuri kwenye GB 4 za RAM na inaendelea kupata masasisho ya usalama. Ijaribu kwanza ukiwa kwenye flashi uone kama Wi-Fi, sauti na printa vinatambuliwa.

SSD usiipange kwa zana za zamani za kupanga vipande vya faili. Hainufaiki kwa hilo, inachakazwa tu. Kwenye Windows thibitisha TRIM, inayoijulisha SSD nafasi zilizofutwa, kwa amri fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu la sifuri maana yake inafanya kazi.

Diski ya zamani, kama bado inasomeka, iweke kando kwa mwezi mzima bila kuifuta. Wiki ya tatu ndipo mtu hukumbuka folda ambayo haikunakiliwa.